Barua kwa Mwanangu: Nishani za Mbeba Machela

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lako nimelielewa: iweje William Harold Coltman, ambaye hakumfyatulia adui risasi hata moja, awe ndiye askari wa vyeo vya chini aliyetunukiwa nishani nyingi kuliko wote katika jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza?

Nishani za ushujaa, mwanangu, hazihesabu maadui waliouawa, bali hupima hatari aliyoiingia mtu mbele ya adui, wenzake wakishuhudia. Coltman alikuwa mtunza bustani wa Staffordshire na Mkristo aliyeishika sana dini yake. Alijiandikisha mwaka 1915 kuwa askari wa miguu katika rejimenti ya North Staffordshire, kisha akajitolea kubeba machela, kwa kuwa imani yake haikumruhusu kuua. Usidhani kazi hiyo ilikuwa maficho, kwani mbeba machela alitoka handakini bila silaha saa ileile ambayo wenye bunduki walikuwa wameinamisha vichwa.

Mwaka 1917 alipata Nishani ya Kijeshi mara mbili, pamoja na Nishani ya Mwenendo Uliotukuka, ambayo alitunukiwa tena kwa matendo yake ya Septemba 1918. Anayetunukiwa mara ya pili hapewi nishani nyingine, ila kipande chembamba cha madini juu ya utepe wa ile ya kwanza. Kwa hiyo ukitazama kifua chake harakaharaka utahesabu pungufu.

Kisha ikaja tarehe 3 na 4 Oktoba 1918, katika kilima cha Mannequin, karibu na Sequehart nchini Ufaransa. Wenzake walikuwa wamerudi nyuma, na koplo usu huyu akasikia kwamba kuna majeruhi walioachwa mbele. Alikwenda peke yake chini ya mvua ya risasi, akawapata, akawafunga majeraha, na mara tatu mfululizo akambeba mtu mgongoni hadi mahali pa usalama, kisha akaendelea kuwahudumia majeruhi kwa saa 48 bila kupumzika. Kwa hilo alipewa Msalaba wa Victoria, nishani iliyoanzishwa mwaka 1856 na ambayo tangu mwanzo haikubagua cheo.

Nasema hivyo makusudi, kwa sababu zile nyingine mbili zilikuwa za askari wa kawaida tu, na afisa aliyefanya tendo lilelile alipewa nishani yenye jina na heshima tofauti. Kwangu mimi huo ulikuwa utaratibu wa kitabaka usio na utetezi, na Waingereza wenyewe waliufuta mwaka 1993 tu.

Mfalme George wa Tano alimvisha msalaba huo mwaka 1919, naye akarudi kwenye bustani zake mjini Burton. Nishani zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya rejimenti ya Staffordshire, huko Whittington. Kwa kuwa unasoma Birmingham, si mbali nawe. Ukienda, vitazame vile vipande vya juu ya tepe.

Baba yako