Muda mfupi wa kuunganisha ndege: angalia New York kwanza

Dada, nimekupata: tiketi ni moja, JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) hadi Chicago kupitia Amsterdam na New York, na saa moja tu ya kubadilisha ndege Amsterdam inakunyima usingizi. Mimi ningehofia New York. Amsterdam begi linahamishwa bila wewe; kazi yako ni kukaguliwa na kuwahi geti. Ukichelewa kwa sababu ndege ya kwanza ilichelewa, kwa tiketi moja shirika ndilo linalokutafutia ndege nyingine. Tiketi zingekuwa mbili, hasara ingekuwa yako.

New York ndipo unapoingia Marekani. Unapita uhamiaji, unachukua begi lako kwenye mkanda, unapita forodha, unalikabidhi tena, kisha unakaguliwa upya. Saa moja na nusu uliyopewa hapo haitoshi. Piga simu leo uombe ndege ya baadaye kwenda Chicago, ukiwa bado nyumbani.

JKIA, mhudumu akishabandika lebo, isome kabla begi halijaondoka: iandikwe ORD, yaani uwanja wa O'Hare, Chicago. Kile kistika kidogo cha risiti ya begi usikitupe. Dawa, chaja na nguo ya kubadilisha ziwe mkononi. Asali ya shangazi iende kwenye begi kubwa, maana vimiminika vya mkononi mwisho ni mililita 100 kwa chupa. Nyama acha kabisa, hata shangazi akinuna.

Begi lisipotokea Chicago, ripoti kabla hujatoka uwanjani na udai namba ya kumbukumbu. Likifika limevunjika, andika malalamiko ndani ya siku 7.