Kabla ya kukodi droni, tazama filamu hizi fupi

Vijana wa hapa Mtwara wanaonijia wakitaka kushuti video za muziki huanza na vifaa: kamera gani, droni inakodishwa wapi. Huwa nawaambia watulie kwanza, waweke bando, watazame filamu fupi za majaribio za zamani.

Naanza na Meshes of the Afternoon ya mwaka 1943. Maya Deren na mumewe, Alexander Hammid, waliishuti nyumbani kwao Los Angeles. Ni dakika kama 14, bila mazungumzo. Kuna mahali mwanamke anatembea: hatua moja inatua mchangani, inayofuata kwenye majani, kisha barabarani, kisha kwenye zulia. Mwendo ni mmoja, ardhi inabadilika. Ukishaiona mbinu hiyo, utaitambua kwenye video kibao za bongo fleva, pale msanii anapogeuka tu na mahali pamebadilika.

Simu yako inatosha kabisa. Anza ufukweni Shangani, hatua ya pili itue kichochoroni Mikindani, ya tatu chini ya mkorosho. Mguu uwe uleule, mtu awe na ukubwa uleule kwenye fremu, na ukate wakati mguu bado unashuka. Ukisubiri utue ndipo ukate, mwendo unakatika na mtazamaji anauona ujanja.

Huna hata simu inayochukua video safi? Tazama La Jetée ya Chris Marker, 1962. Dakika 28, karibu zote picha mnato na sauti ya msimulizi, na ndiyo iliyozaa 12 Monkeys ya Hollywood mwaka 1995. Naye Kenneth Anger, katika Scorpio Rising ya 1963, alitandika nyimbo zilizokuwa zikivuma juu ya picha bila mazungumzo, miaka mingi kabla MTV, televisheni ya video za muziki, haijaanza mwaka 1981.

Wengine hunijibu kwamba watu wa huku hawataelewa mambo hayo. Nakataa kabisa. Wamakonde ndio wenye vinyago vya shetani, mwili umejipinda, viungo haviko mahali pake, na tunavitazama kwa raha bila kudai hadithi. Jicho hilo tunalo tayari. Kabla ya kushuti, nenda ukakizunguke kinyago kimoja taratibu, uone umbo linavyogeuka kila ukisogea, kisha mzungushie msanii wako kamera hivyohivyo.

Ukimaliza kuhariri, zima sauti umwonyeshe mtu asiyeujua wimbo. Akichoka kabla ya nusu, rudi ukate upya.