Pampu ya kuvaa: pima chuchu kwanza, bei baadaye

SWALI: Habari za kazi. Nakaa dirishani benki, Dodoma. Mwanangu ana wiki kumi na likizo yangu inaisha baada ya wiki mbili. Nataka pampu ya kukamulia maziwa ya kuvaa ndani ya sidiria, isiyo na mirija wala waya, nikamue huku nahudumia wateja. Mtandaoni moja inajisifu ina mvuto wa 300 mmHg (kipimo cha nguvu ya kuvuta), nyingine ina programu ya simu. Nichague kwa kuangalia nini? — Mama wa Dodoma

JIBU: Hongera kwa mtoto, mama. Kabla ya kufungua simu, chukua rula. Pima upana wa chuchu pale kwenye shina lake, kwa milimita, bila kuhesabu weusi unaoizunguka. Pima kabla ya kunyonyesha, maana ikishanyonywa huvimba. Pima zote mbili, kwani ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazilingani. Chuchu ya milimita 17, kwa mfano, inataka faneli, kile kipande cha pampu kinachofunika chuchu, yenye tundu la 17 hadi 20. Pampu nyingi huja na tundu la 24, na hapo ndipo fedha za akina mama wengi zinapopotelea.

Tundu likizidi upana, weusi wa titi huvutwa ndani pamoja na chuchu, titi linavimba na maziwa hayatoki vizuri. Likibana, chuchu inasugua ukuta wa plastiki na kutoka imepauka, au na mchubuko. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: je, ana vipete vya silikoni vya kupunguza tundu, na vya saizi gani?

Hiyo 300 mmHg isikubabaishe. Pampu hutumiwa kwenye kiwango cha juu kisichouma, na kwa wengi kiwango hicho hakifiki mwisho wa mashine. Ukivumilia maumivu, mwili unajikaza na maziwa yanagoma kushuka. Tafuta mashine yenye mwendo wa aina mbili: wa haraka na mwepesi kwa dakika mbili hivi mpaka maziwa yashuke, kisha wa taratibu na wa kina. Awamu moja ichukue dakika 15 hadi 20. Programu ya simu ni mapambo; alama ya chaji iliyobaki ndiyo utakayoihitaji saa saba mchana.

Ulizia vipuri kabla hujalipa. Vali, kile kimpira chenye mdomo kama wa bata, na kiwambo cha mpira kinachozuia maziwa yasiingie kwenye mota, vyote huchakaa. Anayekamua kila siku hubadilisha vali kila mwezi mmoja au miwili. Jina kubwa peke yake si dhamana: Elvie ya London, mojawapo ya majina yaliyoitangaza pampu hii duniani, iliishiwa nguvu za kifedha na mwaka 2025 ikanunuliwa na mshindani wake wa Marekani, Willow. Pampu ya kawaida ambayo vali zake zinapatikana mjini inaishinda ya kifahari inayosubiri kifurushi kutoka ng'ambo.

Sasa kuhusu kukamua dirishani: usifanye hivyo. Unashika noti mchana kutwa, na mikono inatakiwa ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa pampu. Tena kikombe kikishajaa, ukiinama kuokota kalamu maziwa yanamwagikia kwenye sare. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Zungumza na meneja mapema, uombe chumba chenye mlango unaofungwa na muda wa kukamua kama nyumbani ni mbali.

Kwa hesabu ya haraka, mtoto wa umri huo hunywa kama mililita 30 hadi 45 kwa kila saa usiyokuwapo. Ukiwa nje saa tisa, mwachie 270 hadi 400, nawe ukamue mara tatu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne penye joto lisilozidi nyuzi 25, saa 24 ndani ya kasha lenye barafu, na siku nne kwenye friji. Ofisi ikiwa na joto kuliko hapo, usizitegemee hizo saa nne. Yaweke kwenye barafu mara moja. Anayebaki na mtoto ayapashe kwa kutia chupa kwenye maji ya uvuguvugu, si kwenye maikrowevu.

SWALI: Wifi yangu amenipa pampu yake ya kuvaa. Nikinunua vali na faneli mpya, si inatosha? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Haitoshi, dada. Pampu hizi zimetengenezwa kwa mtumiaji mmoja. Kiwambo kikipasuka hata kidogo, maziwa au mvuke wake huingia kwenye mota, ukungu unaota humo, na mota haioshwi wala haichemshwi. Mshukuru wifi.

SWALI: Mwanzo nilipata mililita 120 kwa awamu, sasa napata 50 kwa pampu ileile. Maziwa yanakauka? — Mama wa pacha, Mwanza

JIBU: Huenda yako palepale, mama pacha. Itoe vali uitazame kwenye mwanga: midomo yake inapaswa kukutana. Ukiona uwazi au ncha imechanika, mvuto unavujia hapo. Mara nyingi anayeiharibu ni brashi ya chupa. Vali huoshwa kwa vidole na maji ya sabuni, kwenye beseni lake peke yake. Kisha angalia kama kiwambo kimekaa sawasawa pembeni kote na kikavu. Pima chuchu upya, kwani saizi hubadilika kadiri miezi inavyokwenda. Sidiria nayo isilegee. Pampu ikining'inia, hewa inaingia.

Vyote vikiwa sawa, kamua kwa mkono mara tu pampu inapozimwa. Yakitoka mengi, kosa ni la mashine. Yasipotoka, fikiria mwili: hedhi iliyorudi, mimba, au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, ambavyo muuguzi wa kliniki anaweza kukubadilishia. Na titi likiwa na uvimbe mgumu unaouma, likawa jekundu huku una homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, ukiendelea kunyonyesha.