Sindano ya Jicho: Mama Anaogopa

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 74. Amepimwa na kuambiwa mishipa ya damu inavuja chini ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ya jicho la kulia, katikati kabisa, na anahitaji sindano ndani ya jicho. Anaogopa. Tungoje? – Msomaji, Buruburu

JIBU: Tafadhali msingoje. Kovu likishatokea katikati ya retina, sindano haiwezi kurudisha uoni.

Mwelezeni mama hatua zenyewe: matone ya ganzi, iodini ya kuua vijidudu, kifaa cha kushikilia kope, kisha mililita 0.05 za dawa kupitia sehemu nyeupe, pembeni. Ni sekunde chache. Jicho likiwasha jioni, mara nyingi ni iodini.

Kwa kawaida huanza na sindano tatu, moja kila mwezi, kisha nafasi huongezwa kulingana na picha za retina. Wengi huacha wakiona nafuu; mishipa huvuja tena. Kati ya dawa za sindano hizi, bevasizumabu ni ya bei nafuu kuliko afliberseptu, ila hugawanywa katika dozi ndogo kutoka chupa kubwa. Ulizeni imegawanywa wapi, na kwa usafi gani.

Maumivu yakizidi, jicho likiwa jekundu au likififia siku zinazofuata, rudini hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.