Maswali ya Wasomaji: Kuingia Bizerte kwa yoti

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi wa Juni mimi na wenzangu wawili tunakusudia kuvuka kwa yoti ya matanga kutoka Cagliari, kisiwani Sardinia, hadi Bizerte nchini Tunisia. Mwenzetu mmoja anashauri kwamba tukifika tufunge kamba, tule, tulale, kisha kesho yake tutafute ofisi za serikali. Je, inafaa?

JIBU: Haifai, ndugu msomaji, na mwenzenu huyo asiachiwe kupanga ratiba. Hata chombo kikishafungwa gatini, ninyi mnakuwa hamjaingia Tunisia kisheria mpaka polisi na maofisa wa forodha wamalize kazi yao, na hadi hapo nahodha peke yake ndiye ashuke, tena kwa shughuli hiyo tu.

Mtakapoingia katika maji ya Tunisia, pandisheni bendera ya Tunisia upande wa kulia wa mlingoti, pamoja na bendera ya manjano. Zamani rangi hiyo ilihusishwa na karantini, ndiyo maana wapo wanaoona haya kuipandisha wakidhani inatangaza ugonjwa; katika alama za kimataifa za siku hizi maana yake ni kwamba chombo kina afya njema na kinaomba ruhusa ya kuingia. Mkikaribia bandari, iiteni marina, yaani gati la yoti, kwa redio ya VHF ya mawasiliano ya baharini, mkiwa mmeendelea kusikiliza chaneli 16, ile ya wito na dharura, na msitie nanga popote njiani kwa ajili ya kuogelea.

Wekeni tayari pasipoti, cheti cha usajili wa yoti, bima, na nakala kadhaa za orodha ya waliomo chomboni, kwa kuwa kila ofisa hupenda kubaki na yake. Kifaransa kidogo kitawasaidia kuliko Kiingereza kingi. Watu wa forodha huweza kuingia ndani na kuuliza juu ya vifaa, vileo na fedha za kigeni. Tajeni kila kitu, hasa droni, kwa maana kifaa hicho kinahitaji kibali nchini humo na kukificha ni kujitafutia balaa. Kisha mtapewa karatasi inayoruhusu yoti kukaa nchini kwa muda. Itunzeni kama pasipoti, kwa sababu itadaiwa siku ya kuondoka.

Kuhusu safari yenyewe, umbali ni takriban maili 120 za baharini, yaani saa 24 kwa mwendo wa noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa), kwa hiyo mkiondoka saa tatu asubuhi mtafika kesho yake wakati kama huo. Binafsi nisingekubali kufika usiku, kwani karibu na pwani mtakata njia ya meli kubwa zinazopita kati ya Gibraltar na Suez, na baada ya hapo kuna nyavu za wavuvi ambazo hata mchana huonekana kwa shida. Rudisheni pia saa zenu nyuma kwa saa moja, maana Tunisia haifuati saa za kiangazi kama Italia.

Dinari msizinunue Sardinia wala msiondoke nazo, kwa kuwa sheria inakataza kuziingiza na kuzitoa nchini. Badilisheni fedha mkishapokelewa, na mhifadhi stakabadhi za benki ili mweze kubadilishiwa zitakazobaki kabla ya kung'oa nanga.