Maswali ya Wasomaji: Kununua Hisa za Nje kwa Simu

Safari hii tumekusanya pamoja barua zinazouliza juu ya ununuzi wa hisa za kampuni za nje kwa kutumia programu za simu. Mifano mingi katika majibu inahusu Marekani, kwa kuwa ndilo soko ambalo programu nyingi za aina hii huwapeleka wateja wake kwanza.

Swali: Ndugu Mshauri, nimepakua programu inayoniruhusu kununua hisa za Apple au Microsoft kwa dola 5 tu. Nikishanunua, je, ninakuwa mwenye hisa kweli, au ni tarakimu tu zinazoonekana kwenye kioo cha simu? Na wenye programu wakifilisika, mali yangu itakuwa wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, hilo ndilo swali ambalo kila anayeanza angepaswa kuliuliza kwanza, ilhali wengi huliuliza baada ya kutuma fedha. Programu yenyewe, mara nyingi, hainunui wala haihifadhi chochote. Hupokea agizo lako na kulipitisha kwa dalali aliyesajiliwa, naye hulipeleka sokoni; hisa ikishanunuliwa huwekwa chini ya mtunza amana, na kwa soko la Marekani karibu zote huishia katika hazina kuu iitwayo Depository Trust Company, ambayo huziandikisha kwa jina la wakala wake, Cede & Co. Maana yake ni kwamba ukilifungua daftari la wanahisa la kampuni uliyoinunua, hutalikuta jina lako. Jambo hilo lisikutie hofu, kwani ndivyo wanavyomiliki hisa zao hata wawekezaji wakubwa wa Marekani kwenyewe. Haki yako ya kupata gawio na ya kuuza inasimama juu ya kumbukumbu za dalali, na kwa sababu hiyo jina la dalali lina uzito kuliko jina la programu.

Hiyo hisa ya dola 5 ni kipande cha hisa, wala si hisa nzima. Dalali ndiye anayeshika hisa nzima, nawe unaandikiwa sehemu yako ndani ya vitabu vyake. Kipande kinapanda na kushuka sawasawa na hisa nzima na gawio hulipwa kwa uwiano wake, ila kwa kawaida hakihamishiki kwenda kwa dalali mwingine: siku utakayotaka kuhama, hisa nzima zinaweza kuhamishwa, lakini vipande huuzwa na ukapewa fedha. Haki ya kupiga kura katika mkutano wa wanahisa nayo hutegemea taratibu za dalali.

Kuhusu kufilisika, sheria za masoko yaliyokomaa humtaka dalali atenge mali ya wateja na mali yake mwenyewe, ili wadai wake wasiiguse. Nchini Marekani, juu ya kinga hiyo, kuna shirika la SIPC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1970, ambalo hufidia mali ya mteja iliyopotea kwa kufilisika kwa dalali mwanachama hadi dola 500,000, na ndani ya kiasi hicho fedha taslimu hazizidi dola 250,000. Mteja halazimiki kuwa raia wa Marekani ili alindwe. Hata hivyo, fidia hiyo haihusu kushuka kwa bei. Ukinunua kwa dola 100 na hisa ikaanguka hadi dola 40, hiyo ni hasara yako peke yako.

Basi, kabla ya kutuma chochote, fungua mkataba wa wateja, usome hadi upate jina kamili la dalali, kisha ulitafute mwenyewe katika sajili ya msimamizi wa soko: kwa Marekani ni BrokerCheck ya FINRA, kwa Uingereza ni sajili ya FCA. Usitumie kiungo ulichotumiwa na mtu au kilichomo ndani ya programu, maana matapeli huiga majina na hata namba za usajili za kampuni halali. Kama mkataba mzima hautaji dalali yeyote, sioni sababu ya kuendelea.

Linabaki jambo moja, nalo ndilo linalonipa wasiwasi zaidi kuliko ufilisi. Zipo programu ambazo hazikuuzii hisa hata kidogo, bali zinakuuzia mkataba wa tofauti ya bei, unaotambulika kwa herufi CFD. Kioo kinaonyesha jina lilelile la Apple na mchoro uleule, lakini hapo huna hisa. Una makubaliano na kampuni hiyo kwamba mtalipana tofauti ya bei kati ya kufungua na kufunga mkataba, na mara nyingi kwa kutumia mkopo. Ukikopeshwa mara 5 ya fedha zako, hisa ikishuka kwa asilimia 20 mtaji wako wote umekwisha, hata kama wiki ijayo bei itapanda tena. Mwaka 2018 msimamizi wa masoko wa Ulaya, ESMA, alipoweka mipaka juu ya mikataba hii, alieleza kuwa tafiti za wasimamizi wa nchi mbalimbali zilionyesha kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida hupoteza fedha. Kwa anayeanza, ushauri wangu hauna masharti: ukiona herufi hizo, au kitufe cha kuzidisha mtaji mara kadhaa, usinunue.

Swali: Mpendwa Mshauri, programu ninayotumia inasema kamisheni ni sifuri. Lakini nilipoweka fedha kisha nikazitoa bila hisa kubadilika bei, nilipata pungufu. Hao wanakula wapi?

Jibu: Wanakula mahali ambapo tangazo halikutaja. Kamisheni sifuri ni jambo la kweli. Oktoba 2019 madalali wakubwa wa Marekani, Charles Schwab akitangulia, waliiondoa kwa hisa zinazouzwa katika masoko ya huko. Lakini mwekezaji aliye nje hulipia mambo ambayo Mmarekani hayajui: kuhamisha fedha, kuzibadilisha kuwa dola, na kuzirudisha.

Chukua mfano. Una fedha zenye thamani ya dola 100. Ada ya kuingiza ni dola 2, na mbadilishaji anakupa kiwango kilicho chini ya kile cha soko kwa asilimia 1. Kinachofika kwenye akaunti ni dola 97.02. Siku ya kutoa, ukikatwa vilevile, hisa zako zitakuwa zimepaswa kupanda kwa zaidi ya asilimia 6 ili tu urudi ulipoanzia. Kwa ada hizohizo, aliyeingiza dola 500 kwa mkupuo mmoja anahitaji ongezeko lisilofika asilimia 3. Kwa hiyo, panapo ada isiyobadilika, ni afadhali kulimbikiza fedha kwa miezi michache kisha ukatuma mara moja, kuliko kutuma kidogokidogo kila wiki kwa sababu programu inakukumbusha. Kiwango cha kubadilisha fedha kilinganishe na kile kinachotangazwa sokoni siku hiyohiyo. Ile tofauti ndiyo kamisheni yako, hata kama hawakuipa jina hilo.

Kuna pia pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, ambalo kwa kampuni kubwa ni senti chache na kwa kampuni ndogo linaweza kuuma. Hapa agizo lenye kikomo cha bei, yaani agizo linalosema hutalipa zaidi ya kiasi fulani, hukulinda kuliko lile la kununua kwa bei yoyote iliyopo. Baadhi ya madalali wa Marekani hulipwa na kampuni za kutekeleza maagizo ili wazipelekee maagizo ya wateja. Uingereza utaratibu huo hauruhusiwi. Kwa mnunuzi mdogo wa hisa za kampuni kubwa, nadhani huo si mzigo wa kukunyima usingizi ukilinganisha na ule wa kubadilisha fedha.

Swali: Niliweka agizo siku ya Jumamosi na hadi Jumapili halikutekelezwa. Je, nimeibiwa?

Jibu: Hapana. Masoko ya New York hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 10:00 jioni kwa saa za huko, isipokuwa sikukuu zao. Agizo la Jumamosi husubiri, na linaweza kutekelezwa kwa bei tofauti kabisa na uliyoiona. Fahamu vilevile kwamba ukiuza, malipo hukamilika siku moja ya kazi baadaye, utaratibu ulioanza huko tarehe 28 Mei 2024. Kabla ya hapo zilikuwa siku mbili. Muda wa fedha kufika kwako ni hesabu nyingine.

Swali: Nianze na hisa ipi? Katika kundi letu la mtandaoni yupo mtu anayetutajia hisa za kununua kila siku, na wengine wanasema wamepata faida kubwa.

Jibu: Mtu mwenye uhakika wa hisa itakayopanda kesho hahitaji kukuambia wewe. Mara nyingi yeye ameshanunua kampuni ndogo ambayo bei yake husogezwa kirahisi, anasubiri ninyi mnunue ili apate wa kumuuzia. Toka katika kundi hilo.

Mimi sitakutajia hisa. Nitakachosema ni kwamba anayeanza, asiye na muda wa kusoma taarifa za hesabu za kampuni, ana njia iliyo nyepesi zaidi: mfuko unaofuata fahirisi, yaani kipimo cha bei za hisa za kundi la kampuni, na unaouzwa sokoni kama hisa, unaotambulika kwa herufi ETF. Mfuko unaofuata fahirisi ya S&P 500, kwa mfano, unakugawia fedha zako kwa takriban kampuni 500 kubwa za Marekani kwa ununuzi mmoja, na ada ya mwaka ya mifuko mikubwa ya aina hiyo ni chini ya asilimia 0.1. Kuanguka kwa kampuni moja hakutakumaliza.

Lakini soko zima linaweza kuanguka. Fahirisi hiyohiyo ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, ikarudi kwenye kilele chake mwaka 2013. Ile ya Nasdaq, iliyojaa kampuni za teknolojia, ilifika kileleni Machi 2000 na haikukifikia tena hadi mwaka 2015. Nayo Nikkei ya Japani ilingoja tangu Desemba 1989 hadi Februari 2024. Kwa hiyo karo, kodi ya nyumba na fedha za dharura hazina nafasi hapa. Tena kumbuka kwamba unashika dola: sarafu yako ikipanda dhidi ya dola, unaweza kupata faida sokoni na hasara nyumbani.

Swali: Gawio la dola 10 lilipoingia nilikuta dola 7. Je, ni makosa ya programu? Na kodi nyingine ni zipi?

Jibu: Si makosa. Marekani hukata kodi ya zuio ya asilimia 30 kwenye gawio la mtu asiye raia wala mkazi wake, na kiwango hicho hupungua iwapo nchi yako ina mkataba wa kodi nayo. Punguzo hupatikana kwa kujaza fomu W-8BEN, ambayo programu nyingi hukupa wakati wa kufungua akaunti. Kwa kawaida hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliotia sahihi, kisha hujazwa upya. Faida ya kuuza hisa, kwa mtu asiyeishi Marekani, kwa kawaida haitozwi huko, ila nchi yako inaweza kuidai, na wajibu wa kuitangaza ni wako.

Ipo nyingine ambayo programu haziitaji: kodi ya mirathi. Hisa za kampuni za Marekani anazoziacha marehemu asiye raia wala mkazi wa huko, zikizidi thamani ya dola 60,000, zinaweza kutozwa hadi asilimia 40, isipokuwa pale ambapo mkataba kati ya nchi hizo mbili unasema vingine. Anayeanza yuko mbali na kiasi hicho. Hata hivyo, warithi wasiojua kwamba akaunti ipo hawatadai chochote, kiwe dola 200 au 200,000. Andika jina la dalali, namba ya akaunti na anwani ya barua pepe uliyojisajilia, umpe mtu unayemwamini. Nenosiri usilitie humo, kwa kuwa dalali atawataka warithi walete hati za mirathi, wala hawatahitaji simu yako.