Choo kigumu kwa mtoto: tuanze na dawa ipi?

Mwanangu wa miaka 4 hupata choo mara mbili kwa wiki, tena kwa kulia. Duka la dawa wamenitajia makrogoli, laktulosi na bisakodili. Nichukue ipi? (Mama, Morogoro)

Makrogoli, kama ipo na mfuko unaruhusu. Ni unga unaokorogwa kwenye maji. Huyashikilia maji hayo hadi utumbo mpana, choo kikalainika. Mwongozo wa Uingereza wa 2010 unaanza nayo, na ule wa mabingwa wa tumbo la watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini wa 2014 vilevile. Ilipolinganishwa na laktulosi, waliopewa makrogoli walipata choo mara nyingi zaidi.

Ukiikosa, laktulosi si ya kudharau. Ni tamu, watoto hawaikatai, ila bakteria wa tumboni huichachua, basi tegemea gesi. Mpe siku mbili tatu ndipo uone kazi yake.

Bisakodili ni habari nyingine: inausukuma utumbo. Kusukuma choo kilichokauka kama jiwe ni kumuumiza, na mtoto aliyeumia kesho atabana. Hiyo huongezwa na daktari pale kulainisha kusipotosha. Dozi hutegemea uzito au umri wa mtoto, kwa hiyo mpime kwanza.

Bibi yake anasema nimpe mafuta ya nyonyo, au nimwingize kipande cha sabuni.

Mkatalie bibi kwa adabu. Nyonyo husokota tumbo, sabuni huunguza ngozi ya ndani. Na parafini ya maji, mafuta mengine ya kulainisha choo, asipewe mtoto wa chini ya mwaka: akipaliwa, inaingia mapafuni.

Wiki hii choo ni laini. Niache dawa?

Bado. Angalau miezi 2, na mwezi mzima uwe umepita bila tabu, ndipo upunguze kidogo kidogo. Wengi huacha mapema, tatizo linarudi. Baada ya chakula mkalishe kwenye poti dakika 5, miguu ikanyage chini.

Wangu anachafua chupi kwa uji uji. Si anaharisha huyu?

Huenda ndiyo amefunga choo zaidi. Majimaji hupenya pembeni ya choo kigumu. Usimchape, hajui kinapotoka. Daktari ampapase tumbo. Hapo huhitajika makrogoli ya dozi kubwa kwa siku kadhaa.

Kichanga wa miezi 2, ananyonya tu, siku ya 5 hana choo.

Kama anachangamka na kikitoka ni laini, msubiri. Lakini tumbo likivimba, akitapika kijani, au kama choo chake cha kwanza kilichelewa zaidi ya saa 48 tangu azaliwe, mpeleke hospitali leo.